Wrigley Field mchana wa Ijumaa: Grand Rapids hadi Chicago kwa treni, siku tatu

Maandishi haya yametoka kwenye daftari, picha za simu na kadi moja ya matokeo iliyochafuka kwa maganda ya karanga. Tulikuwa watu wanne, tukitoka Grand Rapids, Michigan, kwenda kutazama besiboli kwenye uwanja wa Wrigley Field, Chicago. Bei zote ni dola za Marekani za Juni 2025, na saa zote ni za Kiswahili: tiketi ikiandikwa 1:20 mchana, hapa ni saa saba na dakika ishirini. Linasemwa mapema kwa makusudi, maana mtu aliyezoea saa za nyumbani anaweza kuisoma 1:20 kuwa saa moja na ishirini, akatokea uwanjani jioni na kukuta wanafagia.

Alhamisi, 19 Juni: Grand Rapids hadi Chicago

Treni inayoitwa Pere Marquette hutoka Grand Rapids mara moja tu kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi. Ukiikosa, subiri ya kesho. Hupita Holland, Bangor na St. Joseph, kisha huzunguka ncha ya kusini ya Ziwa Michigan kupitia Indiana na kuishia Union Station, Chicago. Mwendo wake ni kama saa nne, lakini saa za Chicago ziko nyuma ya za Michigan kwa saa moja, hivyo unashuka saa tatu na dakika kadhaa asubuhi na siku nzima bado iko mbele yako. Saa hiyo uliyopewa bure utaidaiwa wakati wa kurudi.

Nauli hupanda kadiri viti vinavyojaa. Tulikata wiki tano kabla, dola 41 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 anayesafiri na mtu mzima hulipa nusu. Tiketi hukaguliwa na kondakta ndani ya behewa, kwa hiyo hakuna ukaguzi mrefu kama wa uwanja wa ndege. Kufika nusu saa kabla kunatosha, ila hakikisha una wa kukupeleka stesheni, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri si saa ya kuanza kubahatisha mabasi.

Kaa upande wa kulia unapokwenda. Sehemu kubwa ya njia ni miti, mashamba ya matufaha na migongo ya maghala, lakini St. Joseph stesheni iko karibu kabisa na ufuo, na kwa dakika chache ziwa linajitandaza kama bahari, upande wa pili hauonekani. Baada ya hapo lala. Utaamshwa na viwanda vya chuma vya Indiana, na hapo ujue bado kama saa moja. Reli hii hutumiwa pia na treni ndefu za mizigo, na mara nyingi treni ya abiria husimama kando kuzipisha. Usipange jambo lolote la lazima ndani ya saa moja baada ya muda wa kufika.

Tarehe 19 Juni ni sikukuu ya kitaifa Marekani, kumbukumbu ya siku ya mwaka 1865 ambapo watumwa wa Texas walitangaziwa uhuru wao. Ndiyo maana siku ya kusafiri ilipatikana bila kuomba ruhusa kazini.

Union Station ina ukumbi mkubwa wa kale wenye mabenchi marefu ya mbao na paa la vioo. Pumzika hapo, nenda chooni, jaza maji. Kisha toka ufuate barabara ya Jackson kuelekea mashariki: unavuka mto, unapita majengo marefu, na baada ya kama dakika ishirini kwa mguu unafika kona ya barabara ya State, ambapo ngazi zinashuka kwenye stesheni ya Jackson ya Red Line, njia ya treni za mjini. Teksi kwa umbali huo ni kutupa pesa.

Kuhusu nauli za mjini: Juni 2025 treni ilikuwa dola 2.50 kwa safari, basi 2.25. Kadi ya benki ya kugusa inapokelewa getini moja kwa moja. Pasi ya siku moja ilikuwa dola 5, nayo huhesabiwa saa 24 tangu mguso wa kwanza, haikatiki usiku wa manane. Kwa hiyo ukiigusa saa nne asubuhi Alhamisi, bado itakubeba Ijumaa asubuhi ukiwahi. Pasi ya siku tatu ilikuwa dola 15, yaani haikuwa na punguzo lolote. Nunua ya siku moja moja, na siku utakayotembea kwa miguu usinunue kitu.

Malazi tuliyatafuta kaskazini, karibu na stesheni ya Loyola, si katikati ya mji. Vyumba ni nafuu zaidi, Red Line ni ileile inayopita uwanjani, na siku ya mchezo unaingia kwenye treni kutoka upande wenye watu wachache. Dola 62 kwa kila mtu kwa usiku mbili, watu wanne nyumba moja.

Jioni tulipanda basi namba 155 kuelekea magharibi kwenye barabara ya Devon. Humo ndani, mama mmoja aliyeshika mifuko miwili ya unga alisikia Kiswahili, akageuka: "Munatokea wapi, batoto?" Alikuwa wa Bukavu, na mtaa huu una familia nyingi za Wakongo na Warundi. Alituambia tusishuke pale simu ilipotuelekeza, tuendelee hadi tuvuke barabara ya Western, "kule ndiko chakula kiko." Alisema kweli. Kuanzia Western kwenda mbele ni maduka ya Wahindi na Wapakistani mfululizo: biriani, nihari, sambusa, chai ya maziwa yenye iliki, nyama halali bila kuuliza mara mbili. Sahani ya biriani ilikuwa dola 15 na inashibisha wawili wasio na njaa ya safari.

Kabla ya kuondoka tulifungasha sambusa kumi na mbili na chapati nne za kesho. Wrigley Field huruhusu chakula cha kutoka nje, pamoja na chupa ya plastiki ya maji iliyofungwa isiyozidi lita moja. Si kila uwanja mkubwa una huruma hiyo. Chupa ya chuma, chupa ya kioo na pombe havipiti.

Ijumaa, 20 Juni, asubuhi: kwa nini Ijumaa, kwa nini mchana

Wrigley Field ulifunguliwa mwaka 1914 na timu ya Chicago Cubs imecheza hapo tangu 1916. Uko katikati ya nyumba za watu, na kwa miaka mingi mechi zote zilichezwa mchana kwa kuwa haukuwa na taa. Taa ziliwashwa mara ya kwanza tarehe 8 Agosti 1988, na usiku huohuo mvua ikavunja mchezo kabla ya ngwe ya nne, kati ya tisa za mchezo, kuisha. Mechi kamili ya kwanza ya usiku ilibidi ichezwe kesho yake. Hadi leo masharti ya jiji hubana mechi za usiku, na ndiyo sababu Ijumaa nyingi Cubs huanza saa saba na ishirini mchana wakati timu nyingine nyingi zinasubiri jioni.

Kwa msafiri wa treni, hilo ni jambo zito kuliko nani anacheza. Tangu 2023 mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, hupewa sekunde chache tu za kurusha (sasa ni 15 vituo vya kukimbilia vikiwa vitupu, 18 vikiwa na mtu), na michezo mingi huisha chini ya saa tatu. Mechi ya saa saba na ishirini huisha karibu saa kumi, na treni ya kurudi Grand Rapids huondoka saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa hesabu hiyo, anayetaka anaweza kwenda na kurudi siku moja bila kulipia malazi. Kinachoweza kuharibu ni mvua, au sare baada ya ngwe tisa, maana besiboli ya Marekani haimalizi kwa sare. Ukifika saa kumi na moja jioni na mchezo haujaisha, inuka uende.

Kwa Muislamu kuna tatizo jingine: saa ya kuanza mchezo ndiyo saa ya Swala ya Ijumaa. Jumamosi pia huwa na mechi nyingi za mchana, na mara nyingine Jumatano au Alhamisi. Angalia ratiba kabla ya kukata treni, usikate treni kwanza.

Kutoka Loyola hadi Addison, stesheni ya uwanjani, ni kama dakika ishirini. Kaa dirisha la kulia kama unatoka kaskazini. Reli iko juu ya nguzo, na kabla tu ya Addison utauona mgongo wa ubao wa matokeo ukichomoza juu ya mapaa.

Ijumaa, saa tano hadi saa saba: nje ya geti

Nje kuna wauza karanga za maganda wenye mifuko ya karatasi. Nunua hapo. Ndani ni karanga zilezile kwa bei ya kukufanya uheshimu kila punje.

Tiketi ni za simu tu, ndani ya programu ya MLB Ballpark, na malipo yote ndani ya uwanja ni ya kadi, noti hazipokelewi. Hapa ndipo tulipokosea. Tiketi nne zote zilikuwa kwenye simu moja, simu ilikuwa na chaji asilimia tisa baada ya asubuhi ya kupiga picha, na mbele ya geti mtandao ulikuwa umelemewa na maelfu ya watu wanaofungua programu ileile kwa wakati mmoja. Kichwa cha tiketi kinaonekana, mistari ya kukagulia haitokei. Msichana mmoja aliyekuwa nyuma yetu kwenye foleni alitoa betri yake ya mfukoni bila kuombwa, akasema tutamrudishia tukishapita, akatusogeza pembeni kuelekea ukuta ambako mtandao ulishika. Fanya hivi usiku uliotangulia: mgawie kila mtu tiketi yake kwenye simu yake, kisha ihifadhi kwenye pochi ya simu ili ifunguke hata bila mtandao.

Mkoba usizidi inchi 16 kwa 16 kwa 8. Ukishaingia usitoke ukidhani utarudi kwa tiketi ileile.

Sasa viti, na hapa tafadhali soma polepole. Wrigley ni uwanja wa zamani, na ghorofa ya juu imeshikiliwa na nguzo za chuma zinazoshuka katikati ya viti vya chini. Viti vyenye namba za mia mbili, hasa safu za nyuma, vinaweza kuwa na nguzo kati yako na mrushaji, na paa linaloning'inia linaficha mipira ya juu. Vinaonekana karibu kwenye ramani na bei yake inavutia, kumbe utatazama nguzo saa tatu. Kwa pesa hiyohiyo au pungufu, panda juu: namba za mia tatu mbele, au mia nne. Tulilipa dola 46 kila mtu pamoja na ada, mia nne, upande wa kituo cha tatu. Upande huo na ule wa nyuma ya mpigaji hupata kivuli kadiri jua linavyoshuka magharibi. Majukwaa ya wazi ya nyuma ya uwanja ni ya vurugu na vigelegele, hayana kivuli hata cha mkono, na anayewahi ndiye anayechagua pa kukaa. Kwa joto la Juni, wapeleke huko vijana tu.

Ijumaa, saa saba na ishirini: kusoma mchezo

Aliyecheza rede utotoni ana nusu ya somo. Mrushaji anataka kumtoa mpigaji. Mpigaji anataka kuupiga mpira na kukimbia vituo vinne hadi kurudi alipoanzia, na kila anayerudi ni alama moja. Akikosa mara tatu, yaani straiki tatu, ni auti. Mrushaji naye akirusha ovyo mara nne nje ya eneo, yaani boli nne, mpigaji anatembea bure hadi kituo cha kwanza. Auti tatu, timu zinabadilishana. Kila timu ikishapiga mara moja, ngwe moja imekwisha, na ngwe ni tisa. Ile ya tisa ndiyo lala salama.

Kinachomchosha mgeni ni kwamba muda mwingi hakuna kinachotokea. Dawa yake ni kadi ya matokeo. Inauzwa mlangoni kwa dola chache pamoja na penseli, na kwa maoni yetu ina faida kuliko bia yoyote humo ndani.

Mzee aliyekaa kiti cha jirani alikuwa na yake, penseli mbili zimechongwa pande zote, na alipoona yetu bado tupu katikati ya ngwe ya kwanza aliivuta kwenye goti lake. Kila mchezaji wa ulinzi ana namba, na si ile ya mgongoni: 1 ni mrushaji, 2 mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, 3 kituo cha kwanza, 4 cha pili, 5 cha tatu, 6 ni yule anayesimama kati ya cha pili na cha tatu, 7 kushoto nyuma, 8 katikati nyuma, 9 kulia nyuma. Kukiwa na mkimbiaji kituo cha kwanza, mpira ukipigwa chini kwa namba 6, akamrushia 4 aliyekanyaga kituo cha pili, naye akamrushia 3 kwenye kituo cha kwanza, unaandika 6-4-3 na auti mbili zimepatikana kwa pigo moja. Mpira wa juu uliodakwa na wa katikati ni F8. Straiki tatu ni K. Kama mpigaji alisimama tu akatazama straiki ya tatu ikipita, K inaandikwa imegeuzwa nyuma-mbele, kama vile imeona aibu.

Kosa la kila anayeanza ni kuandika huku mrushaji anarusha. "Andika wanapobadilishana," mzee alisema. "Macho kwenye mpira. Karatasi haikimbii." Kosa la pili ni kusahau wachezaji wa akiba: mrushaji akibadilishwa, piga mstari mnene wima kabla ya mpigaji anayefuata, la sivyo kufikia ngwe ya saba hujui nani alimpa nani alama.

Alipouliza tumetoka wapi na kusikia Afrika, alitaja jina moja bila kufikiri: Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mzaliwa wa kwanza wa bara letu kucheza ligi kuu ya Marekani. Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates, alipiga vizuri mara yake ya kwanza kabisa kusimama na gongo, na mrushaji alikuwa Jon Lester wa hawahawa Cubs. Sisi tukamlipa kwa habari ya Lugazi, Uganda, ambao watoto wao mwaka 2012 walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Aliiandika pembeni ya kadi yake.

Mambo matatu ya uwanja huu huyaoni kwingine, na yote yanaonekana vizuri zaidi kutoka juu.

Ukuta wa nyuma ni wa matofali na umefunikwa na majani ya kutambaa yaliyopandwa mwaka 1937. Mwezi Juni yamejaa kijani kibichi, na mpira ukiingia humo unaweza kupotea. Mlinzi akiinua mikono yote miwili, mwamuzi anasimamisha mchezo na mpigaji anapewa vituo viwili. Akiingiza mkono kuutafuta, mchezo unaendelea na mkimbiaji hakusubiri. Kwa hiyo mlinzi mzoefu haugusi ukuta. Anasimama kama aliyekamatwa na polisi.

Ubao wa matokeo nao ni wa 1937, na namba za ngwe bado zinabadilishwa kwa mkono na watu waliomo ndani yake. Ukiangalia vidirisha utaona sahani ya chuma inatolewa na nyingine inachomekwa. Una pia matokeo ya miji mingine, hivyo usipoteze chaji kuyatafuta kwenye simu.

Halafu bendera zilizo juu ya ubao. Zimepangwa kwa msimamo wa ligi, na zinakuambia upepo. Ziwa liko mashariki, zaidi kidogo ya kilomita moja. Zikipepea kuja kwa mpigaji, upepo wa ziwani unairudisha mipira na alama huwa chache, na hapo utatamani sweta hata mwezi wa sita. Zikipepea kuelekea ziwani, mpira unabebwa. Katikati ya ukuta ni mita 122 kutoka kwa mpigaji, kushoto 108 na kulia pungufu kidogo ya hapo.

Wageni siku hiyo walikuwa Seattle Mariners, na mtu wao alikuwa Cal Raleigh, mdakaji anayeweza kupiga akisimama upande wa kulia au wa kushoto. Alipiga homurani mbili (pigo linalovusha mpira ukuta, mpigaji akazunguka vituo vyote), ya 28 na ya 29 za msimu wake, na kuvunja rekodi ya mdakaji kabla ya mapumziko ya katikati ya msimu, 28 za Johnny Bench tangu 1970. Mdakaji hucheza akiwa amechuchumaa ngwe zote tisa, na ndiyo maana rekodi hiyo ilidumu miaka 55. Mzee, shabiki wa Cubs mwenye kofia iliyopauka, alipiga makofi kwa ile ya pili. Ya kwanza alinyamaza.

Desturi ya majukwaa ya wazi ni kwamba homurani ya mgeni hairudi nyumbani na mtu: anayeidaka huambiwa kwa sauti ya maelfu airushe uwanjani. Mipira mingine yote inayoingia kwa watazamaji ni mali ya aliyeidaka. Sehemu za chini zina wavu, juu hakuna, kwa hiyo ukisikia gongo limegonga, inua kichwa kwanza kabla ya kung'ata sambusa.

Hotidogi ya Chicago huliwa bila tomato sosi. Ina haradali ya njano, kitunguu kilichokatwakatwa, achari ya kijani inayong'aa, vipande vya nyanya, tango la siki, pilipili ndogo na chumvi ya seleri, kwenye mkate wenye mbegu. Ni ya nyama ya ng'ombe, lakini ng'ombe si lazima awe halali; uliza, au rudi kwenye sambusa zako.

Katikati ya ngwe ya saba watu wote husimama kunyoosha miguu na kuimba. Harry Caray, mtangazaji, aliwaongoza hapa hadi 1997, na tangu alipofariki 1998 huletwa mgeni kuongoza. Hakuna anayejali sauti. Huo pia ndio wakati mbaya kuliko wote wa kwenda chooni; nenda ngwe ya sita ikiwa inaendelea.

Mariners 9, Cubs 4. Mchezo ukiisha hupandishwa bendera juu ya ubao: nyeupe yenye W ya buluu kwa ushindi, ya buluu yenye L nyeupe kwa kufungwa, ili waliomo kwenye treni wajue bila kuuliza. Ilipanda L. Mzee alijumlisha safu zake, akalinganisha na zetu, akakuta tumepungukiwa pigo moja la ngwe ya tano, akalijaza kwa penseli yake mwenyewe.

Ijumaa, alasiri: kutoka

Usiende Addison. Stesheni ina jukwaa moja jembamba na watu hushonana kama dagaa. Tembea kusini hadi Belmont, dakika kumi na tano polepole, ambako kuna Red Line na pia Brown Line kuelekea katikati ya mji. Anayekwenda kaskazini kama sisi anaweza kutembea hadi Sheridan. Tulifika Loyola tukiwa tumekaa.

Usiku hakukuwa na jipya: kuoga, chapati zilizobaki, kulala.

Jumamosi, 21 Juni: joto na kurudi

Joto lilikuwa kali tangu saa tatu asubuhi. Kwa kuwa treni ni ya jioni, kuna siku nzima ya kuiua, na bustani ya wanyama ya Lincoln Park haina kiingilio. Ina miti, maji ya kunywa na vyoo, na ziwa liko ng'ambo ya barabara kuu. Kwa siku ya joto hakuna pengine pa bure panapoizidi.

Tulikuwa Union Station saa kumi na moja na nusu. Nunua chakula kabla ya kupanda. Gharama ya kila mtu kwa siku tatu: treni 82, malazi 62, tiketi ya mchezo 46, usafiri wa mjini 15, chakula, karanga na kadi 58. Jumla dola 263. Anayekwenda na kurudi Ijumaa tu aondoe malazi na sehemu kubwa ya chakula.

Treni iliondoka saa kumi na mbili na nusu jioni. Safari hii kaa kushoto, ingawa ziwa ukilifikia ni karibu na machweo. Ile saa iliyokopeshwa Alhamisi hudaiwa hapa: mwendo wa saa nne, lakini ratiba inakufikisha Grand Rapids karibu saa sita usiku. Stesheni inakuwa kimya, na taksi ya simu saa hiyo hupanda bei. Abiria mmoja aliyeshuka na watoto wawili alikuwa na gari lenye nafasi ya watu watatu. Akapeleka watatu, akarudi kumchukua wa nne.